Macho ya Watu wa Jimu

2 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila daktari wa chuo amenipima presha akaguna. Kasema nifanye mazoezi, la sivyo nitaanza vidonge na umri huu. Jimu ya chuo ni bure, tena iko chini ya bweni letu. Nimefika mlangoni mara nyingi, bibi. Ndani vijana wamejaa misuli, na ukuta mzima ni kioo. Nikiona kitambi changu mle, nageuza kama mtu aliyesahau kitu. Jana nilijifanya napokea simu. Watanitazama, kibonge mimi, nikihema. Naona aibu hata kukuandikia.

Mjukuu wako

15 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mguu ndio una mambo yake. Simu gani hiyo uliyopokea, mwongo mkubwa wewe! Kumbe nimeolewa na mwanaume anayekimbia kioo?

Lakini sicheki sana. Baba yako naye alipimwa presha, akaniambia, "Mama, nitaanza mazoezi kesho." Unajua tulivyomzika.

Sasa sikia. Mfupa wangu umeshaunga, na mtaalamu wa viungo anataka nitembee nje kwa magongo kila asubuhi. Sijatoka hata siku moja. Majirani wamezoea kuniona napita mbiombio na kikapu changu, leo wanione najikokota? Thubutu! Basi tugawane aibu. Jumamosi asubuhi wewe uingie jimu, mimi nitoke nje ya geti. Tutazamwe wote.

Mkeo, bibi

31 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mguu unakutii. Nimeingia! Nilikaa kwenye mashine ya kuvuta vyuma, nikavuta weee, haivutiki. Dada mmoja akaniambia polepole, "Kaka, geuka." Kumbe nimeikalia kinyume! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikasubiri wacheke. Wapi! Kila mtu alikuwa anajitazama mwenyewe kwenye kioo. Hakuna aliyenijali, hata moyo ukaniuma kidogo. Tangu hapo nimerudi, na naendelea kurudi. Na wewe je? Majirani wamesemaje? Usikawie kunijibu.

Mumeo

6 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Umesubiri sana, najua. Afya yangu si haba.

Jumamosi ile sikutoka. Nilifungua mlango, nikamwona jirani anafagia, nikaufunga. Barua yako ilipofika nikaona haya, mume katimiza, mke kajificha chumbani. Nikatoka.

Watu wa huku si kama wa jimu yako, wao walitazama kweli! Fundi viatu wa pale kona akapaza sauti, "Bibi, umekuwaje?" Nikamjibu, "Nimevunjika mguu, sijavunjika masikio, punguza kelele." Wakacheka, nami nikacheka. Kesho yake nikatoka tena.

Haya nayaandika nimekaa kwenye benchi la posta. Nimekuja kwa magongo yangu, sikusindikizwa na mtu. Njiani nilichoka, nikalia kidogo, kisha nikaendelea. Nilikuwa namfikiria baba yako.

Usiache mazoezi, mjukuu wangu. Presha ikipimwa tena niandikie, hata kama haijashuka. Mwanangu nilimzika mimi, na haikuwa zamu yake. Wewe unizike mimi.

Bibi yako