Usizame, Sayi

Kijiji cha Sapiwi,
S.L.P. 63,
Bariadi, Shinyanga.
14 Agosti, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Sayi,

Kabla sijakusalimu, kaa chini kwanza, kama maji ya chumvi yamekubakizia kitako. Duara langu limetema. Ndiyo, mimi Maganga, niliyeishia darasa la tano kwa kosa la kumsahihisha mwalimu hesabu, leo nina shimo langu mwenyewe machimboni na dhahabu imo. Nikipita sokoni watu wanasimama. Wengine wananiita bosi, wengine mheshimiwa, na waliotaka kupiga magoti nimewakataza kwa sababu ya vumbi.

Basi, sasa nakusalimu. Mwangaluka, mwana wa Ngassa. Hujambo? Kifua hakijambo? Na masikio je? Nauliza masikio makusudi, utaona mbele. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa goti la kushoto ambalo linajua habari za mvua kuliko redio. Baba yupo, anakohoa kidogo na kugomba sana, kwa hiyo ni mzima. Mayu yupo. Dada yetu Minza amejifungua mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

Picha uliyotuma ilifika. Mayu aliishika akaitazama juu chini: mpira mweusi mwili mzima, kioo usoni, bomba mdomoni, mtungi mgongoni. Akauliza, "Huyu mdudu ndiye mwanangu, au ndiye aliyemla mwanangu?" Nikamwambia ndiye Sayi, anapumua kwa mtungi. Kesho yake nikaikuta picha imesimamishwa nyuma ya mtungi wetu wa maji, mahali anapopita kila akitaka kuchota. Anasema hapo angalau umo ndani ya nyumba.

Baba naye alikuwa na lake. Tangu kampuni ya serikali ya uvuvi ikupunguze kazini, amekuwa akiuliza ni mtu gani mwenye akili anayebaki huko kufanya kazi ya kujitolea, tena chini ya maji, mahali ambapo hata msimamizi hawezi kuona kama umefanya. Mimi ndiye niliyekutetea. Nikamwambia, "Baba, ile ngitili yako ya bondeni, malisho ya akiba, ulipoifunga watu hawakukucheka? Hawakusema Ngassa anawanyima ng'ombe majani akiwa na majani? Leo kiangazi wanakuja kuomba kwa nani?" Akaitikia kwa pua. Nikaendelea, "Basi Sayi amefunga ngitili baharini. Matumbawe ndiyo malisho ya samaki. Yakivunjwa, samaki wanahama. Yeye na wenzake wanaokota vipande vilivyo hai, wanavifunga kwenye saruji, wanavirudisha chini vikue."

Baba akauliza swali moja tu: "Na akitoka majini kuja kula, nani anabaki kuilinda?"

Swali hilo sasa linaninyima usingizi.

Huku soko huria limeingia kwa miguu yote minne. Zamani pamba ilikuwa na chama kimoja na mzani mmoja mwongo. Siku hizi mizani ni mingi, na kila mmoja una uongo wake. Malori yanaingia na kutoka, yanachukua pamba, dengu, choroko, ngozi, na ukimuuliza mtu amebeba nini anakuuliza kama wewe ndiye waziri wa biashara. Mimi kama mfanyabiashara sina ugomvi na hilo. Ila lori moja, Sayi. Lori moja.

Hapa nitajaribu kuacha mzaha. Nikiteleza nisamehe, ndivyo mdomo ulivyozoea.

Unamkumbuka Kasmiri, yule aliyekuwa akigonga kengele ya kanisa? Sasa ndiye anayetunza baruti ya kupasulia miamba machimboni. Jumamosi iliyopita lilikuja lori kutoka pwani kupakia choroko. Nilikuwepo, nilikwenda kukagua shughuli zangu. Nikamwona Kasmiri anatoa maboksi ya baruti na tambi zake, wanayapanga katikati ya lori, wanayafunika turubai ya bluu, halafu magunia ya choroko juu. Nikamsogelea utingo, jamaa mwenye pengo la mbele na kofia ya sufu, nikampa sigara.

"Kwani pwani nako kuna machimbo?" nikamuuliza.

"Yapo, mzee. Ila dhahabu ya kwetu ina mapezi."

"Pwani gani hiyo?"

"Mafia. Tunashukia Kisiju, tunavuka. Utapajua wapi wewe mtu wa ng'ombe?"

Unajua mimi siwezi kuambiwa sipajui mahali. Nikamwambia nina mdogo wangu huko huko, mzamiaji, analinda matumbawe. Akacheka mpaka akaegemea tairi. "Wale wa mitungi mgongoni? Mwambie ahame, mzee. Wametuharibia kazi kwa kutusemea kwa polisi. Mwenye mzigo kasema safari hii tunaanza kutupa penye mapovu, samaki baadaye."

Sayi, mapovu ni pumzi yako. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba baruti ikipasuka majini humfikia mtu hata aliye mbali, na kwamba mwenzenu mmoja alitolewa akivuja damu masikioni. Nilipoisoma barua ile nilicheka, nikasema mdogo wangu naye kajifunza kutia chumvi. Sikucheka mbele ya lori lile.

Nikafanya nilichokijua. Nilitoa filimbi ya sungusungu nikapiga mwano, ule wito wa ng'ombe walioibiwa, ambao mwanamume akiusikia anaacha hata ugali mdomoni. Walikuja. Walikuja wote, wakatoka mashambani na pamba bado imewaganda kwenye nguo, pinde mkononi, na Luhaga, mtemi wa sungusungu, yuko mbele anahema. Naandika haya ujue kwamba watu wa kwenu bado wanakimbia wakiitwa.

"Ng'ombe wangapi?" Luhaga akauliza.

"Hakuna ng'ombe."

"Mbuzi?"

"Hakuna mbuzi."

"Sasa kimeibiwa nini, Maganga?"

"Bado hakijaibiwa. Lile lori limebeba baruti, linakwenda kuvunja ngitili ya Sayi. Baharini. Na Sayi mwenyewe atakuwemo ndani."

Wakatazamana. Nikasikia mmoja anaanza kucheka nyuma, halafu wa pili, halafu kicheko kikapita kama moto wa majani makavu. Kasmiri akasema kwa upole kabisa, "Jamani, hii ni choroko. Maganga mnamjua." Na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu kweli wananijua. Miaka yote nimewachekesha watu hawa, harusini, msibani, hata kwenye foleni ya mzani. Siku niliyotaka waniamini walisimama wakisubiri niufikishe mzaha mwisho. Nilivuta gunia moja ili waone. Watu wawili wakanishika mikono. Lori likawasha moto likaondoka, na yule utingo akanipungia kofia.

Yaliyofuata siku ile ni mambo ya kijiji, tuyaache.

Nilikwenda polisi mjini. Wakaniuliza namba ya gari. Namba ilikuwa imepakwa tope. Wakaniambia nikiikumbuka nirudi. Nikaenda posta kukupigia simu ya maandishi. Nilipotaja baruti karani alinitazama kama niliyenayo mfukoni, akasema maneno hayo hayapokei. Ndiyo maana ulipata neno moja tu, USIZAME, na jina langu. Najua uliposoma ulisema Maganga kalewa. Sikulewa. Bosi haongei sana, ndiyo hivyo tu.

Sasa nakuomba, na unajua kwamba mimi huwa siombi, huwa nakopa. Usizame. Waambie na wenzako wote, wenyeji na wageni, wasizame mpaka mzigo ule ukamatwe. Nendeni polisi wa huko na maelezo haya: turubai ya bluu, choroko juu, utingo mwenye pengo na kofia ya sufu, bandari ya Kisiju. Wewe watakusikiliza, umesoma, na huna historia ya vichekesho.

Najua utakachojibu. Utasema msipoingia majini hata siku chache watavunja yote mliyopanda, na kwamba mwenye ngitili asipoonekana ng'ombe wa watu huingia. Hilo ni swali la baba, tena nadhani umelirithi pamoja na kichwa chake kigumu. Basi simameni ufukweni. Kaeni kwenye boti mpige kelele. Lakini msiwe chini. Uliniandikia kwamba matumbawe yakivunjika mnaokota kipande, mnakifunga kwenye saruji, kinakua tena polepole. Sayi, wewe ukivunjika Mayu hana saruji ya kukufungia.

Au njoo nyumbani. Duara ni kubwa, nitakupa nusu. Utavaa viatu vikavu. Utaisimamia ngitili ya baba, ambayo haina papa, na wewe na mimi tutakuwa matajiri wawili wa Sapiwi, mmoja mwenye akili na mmoja mwenye maneno. Ukifika Bariadi stendi uliza tu bosi Maganga.

Baba anakusalimu, anasema usisahau kuwa una shamba. Mayu anakusalimu, anasema kula vitu vingine mbali na samaki. Minza anakusalimu na kukuomba jina la mtoto. Shangazi Milembe anakusalimu, anauliza kama huko chini kuna baridi. Nami nawasalimu wenzako wote wa mitungi, hata wale nisioweza kuyatamka majina yao.

Mungu wa nchi kavu ndiye wa majini pia. Akuhesabu kila asubuhi kama mchungaji mwenye ng'ombe mmoja tu.

Ni mimi kaka yako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Maganga Ngassa.

N.B. Nimeisoma barua hii hapa kwenye ngazi za posta na siwezi kuifunga ilivyo. Duara sina. Nilikuwa nambebea Kasmiri mawe, na hata hiyo kazi imekwisha. Nilisema vile ili urudi, nikijua kwamba ukisikia hali yangu utaona aibu kuja kuongeza mdomo. Kwa kupiga mwano bila ng'ombe nimetengwa. Hakuna ruhusa ya mtu kunisalimu, kunipa moto wala kunichotea maji. Luhaga amesema nitoe mbuzi mmoja, nisimame mbele ya watu niseme hakukuwa na mwizi, yaishe. Mbuzi ninaye. Kusema hakukuwa na mwizi siwezi, maana ukifa nitakuwa nimewasafisha waliokuua. Jioni Mayu huniwekea makaa kwenye kigae nyuma ya zizi, anakohoa mara moja, anakwenda zake. Salamu zote hapo juu nimezitunga mwenyewe, nikikisia ambavyo wangesema. Mtoto wa Minza sijamwona, nasikia sauti yake tu kutoka ng'ambo ya ua. Ukiwa hai niandikie hata mstari mmoja, niusome kwa sauti nikiwa peke yangu. Hakuna anayeniita bosi, Sayi. Hakuna anayeniita.