Sufuria Zilizorudi Tupu

Hewa Bora, Lubumbashi, tarehe 16 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na nkambo. Mguu wake unaendeleaje? Anaweza sasa kufika mlangoni bila kushikwa? Umwambie mjukuu wake wa kike anamwombea kila jioni. Na mvua, imeanza vizuri huko Lukafu? Hapa imenyesha mara tatu tu, lakini matope ya avenue yetu tayari yamemeza kiatu changu kimoja. Baba hajambo, anakohoa kidogo asubuhi. Mimi pia ni mzima. Diplome yangu bado haijatoka, lakini jina langu lilisomwa kati ya waliofaulu, asilimia hamsini na nane, na Baba anaitangaza hiyo hamsini na nane kwa kila mtu anayepita mbele ya nyumba, hata kwa wauza makala ya kupikia.

Ujumbe wako nimeupata kwa mdomo wa Jephté, yule dereva anayeleta mahindi. Anasema alikuambia kwamba alimwona yaya Christiane sokoni, amekonda mpaka nguo zinamcheza, na kwamba wewe ulikaa chini pale pale katikati ya shamba. Anasema umeapa: ukimaliza kupanda, utakuja kumtoa dada yangu mkubwa katika nyumba ya bwana wake Muhindo kabla hawajamzika. Mama, tafadhali, kabla hujapanda gari soma barua hii mpaka mwisho. Ningekupigia simu, lakini najua mtandao wa pale unapatikana tu juu ya kile kichuguu kikubwa, na jamaa wote wanakaa chini yake kusikiliza. Haya si maneno ya kusema juu ya kichuguu. Tena unanijua, mdomo wangu ni mzito. Kwa kalamu ninajaribu.

Yaya hafi, Mama. Na bwana wake hamtesi. Lakini tulikudanganya. Mwezi wa saba tulipokuambia amefanyiwa operesheni ya mawe ya nyongo, hayakuwa mawe. Walimkata tumbo la chakula, wakalipunguza likabaki dogo kama ndizi moja.

Najua umeshika kichwa. Ngoja nikueleze. Unakumbuka mwezi wake ulikuwa ukija mara mbili tu kwa mwaka, tangu alipokuwa msichana, na sisi tukasema ndivyo alivyo. Miaka minne ya ndoa, hakuna mimba. Alipofikia kilo mia moja ishirini na sita, sukari katika damu ikaanza kupanda. Daktari Mumba alimpima kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo, akasema ovari zake zimejaa vifuko vidogo vidogo, mayai hayakomai, homoni zimechanganyikiwa. Mwili wa namna hiyo unashika mafuta, na mafuta yale yanazidi kuzichanganya homoni. Yaya alijaribu miaka miwili. Alikunywa dawa, alitembea kwa miguu mpaka Kampemba kila alfajiri, aliacha kula bukari. Zilitoka kilo tano, zikarudi nane. Ndipo daktari akataja operesheni. Hakumwahidi mtoto. Alisema uzito ukishuka sana, mara nyingi mwezi unarudi katika njia yake na sukari inatulia, na kwamba maisha yote atameza vitamini na kula kidogo kidogo.

Wewe tulikuficha kwa woga, kwa sababu mama mdogo Céline hakuamka tena kwenye meza ya operesheni, na tulijua ungesema hapana. Mama Muhindo, mama mkwe wake, tulimficha kwa sababu nyingine. Unamjua. Siku zote kanisani anamweka yaya mbele yake kama bango la duka. Kwake yeye, mke mnene ndiyo ushuhuda kwamba mtoto wake anauza vizuri vitenge vyake na nyumba ina amani. Shemeji Muhindo alisema kwa upole wake kwamba atamweleza mama yake baadaye, pole pole. Basi waliojua tulikuwa watatu tu: yaya, shemeji na mimi.

Mimi ndiye nililala hospitali kama garde-malade, kumwosha na kumfulia. Wauguzi walinipa sheria moja, wakanirudisha nyuma niirudie kwa sauti kama mtoto wa shule: wiki mbili, vitu vya maji tu, kijiko kwa kijiko. Kitu kigumu kinaweza kupasua mshono wa ndani, na mshono ukipasuka mgonjwa anaweza kufa. Siku ya kwanza nilikuwa nikimpa maji kwa kifuniko cha chupa.

Sasa, Mama, unajua desturi yetu. Mgonjwa anapelekewa chakula. Na sufuria ikirudi na chakula ndani, aliyepika anaelewa mojawapo ya mawili: mgonjwa anakaribia kufa, au ameogopa mkono uliopika. Siku ya pili Mama Muhindo akatuma bukari ya muhogo na kuku mzima, na mama wa kanisa wakaleta majani ya sombe na samaki. Yaya akaanza kulia, akasema mama mkwe akiona sufuria imejaa atafikiri anamwogopa kama mchawi. Nikabeba sufuria zote mpaka uani, kule garde-malade wanakopikia kwenye mbabula, nikakaa nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikala. Nilikula nikiwa na haya mpaka masikio yanawaka. Kilichonishinda nilimpa Mama Kiki, anayemlinda bwana wake aliyevunjika mbavu. Sufuria zikarudi tupu, nimezisugua zinang'aa.

Hapo ndipo nilipokosea. Sufuria tupu maana yake mgonjwa ana njaa. Kesho yake Mama Muhindo alituma sufuria kubwa zaidi. Habari ikazunguka kanisani kwamba Christiane anakula kuku mzima siku ya pili ya operesheni, wakamshukuru Mungu kwa kuimba, wakaongeza wali na maharagwe. Mama Kiki alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniita mbele ya wote: “Mapalo, kwenu muko na operesheni ya namna gani? Banapasua yaya, weye njo unanenepa!”

Siku ya nne, saa nane, wakati wa kutembelea wagonjwa, Mama Muhindo akaja mwenyewe, shemeji nyuma yake. Alifunga vizuri kitenge chake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunua sufuria. Akasema amesikia sifa tu, leo anataka kuona kwa macho yake: “Ile kuku munasema anamaliza, amalize mbele yangu. Mimi mama yake nitamulisha.” Akanawa, akafinyanga tonge la bukari kubwa kama yai, akalichovya katika mchuzi, akalipeleka mdomoni kwa yaya.

Mama, ulitufundisha kwamba mkono wa mama mkwe haukataliwi. Yaya alimtazama bwana wake. Shemeji alitazama viatu vyake. Nikaona yaya anafungua mdomo, machozi yanamtoka, na nikaelewa kwamba atameza, kwa heshima tu, hata kama itamuua. Nilitaka kusema. Nakuapia, nilitaka, lakini sauti haikutoka. Basi nikainama juu ya kitanda, nikalila lile tonge kwenye vidole vya Mama Muhindo.

Mama Muhindo alivitazama vidole vyake, akanitazama mimi, mashavu yangu yamejaa. Akasema: “Weye mutoto, uko na shetani?” Nilitafuna haraka, nikameza, ndipo sauti ikaja yote mara moja. Nilimwambia hana haja ya kumlisha, kwa sababu kuku wote ni mimi niliyekula, na wali, na sombe, na samaki, na kwamba yaya hajala hata punje tangu Jumatatu kwa sababu akila atakufa. Wagonjwa wengine wakaanza kucheka chini ya mashuka. Yeye hakucheka. Yaya akamweleza kila kitu, ovari, tumbo, uwongo wetu, maneno yakikatika kwa kilio. Mama Muhindo alifunika sufuria yake, akasimama, akatoka bila kuaga mtu. Siku ile sufuria yake ilirudi nyumbani imejaa.

Siku mbili hatukumwona. Yaya alisema ndoa imekwisha, nami nilijua ni mimi niliyeivunja. Siku ya tatu mlango ukafunguka, akaingia na thermos ndogo ya chai. Ndani mlikuwa na maji ya kuku, meupe kabisa, ameyachuja mara tatu kwa kitambaa. Alikuwa amepita kwanza kwa wauguzi kuuliza vijiko vingapi na kila baada ya dakika ngapi. Akakaa pale pale, akatoa kijiko cha mtoto, akaanza kumpa. Halafu akasema, si kwa mtu yeyote: “Kumbe nilitaka kuua mutoto ya bantu na kuku!” Akaanza kucheka, yaya akataka kucheka naye lakini mshono ukamuuma, akasema tumnyamazishe mama huyu kabla hajampasua kweli. Mimi Mama Muhindo akaniita karibu, akanipiga kofi dogo mgongoni, akasema kuanzia leo kuku wangu nitakula mezani, si nyuma ya nguo za watu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Mama. Yaya ametoa kilo thelathini na tatu. Sukari imeshuka. Mwezi wake umekuja Septemba, ukaja Oktoba, ukaja tena wiki iliyopita. Aliniamsha mapema kwa simu kuniambia, kana kwamba ni mgeni kutoka Ulaya. Bado hana mimba, na daktari anataka asubiri mwaka mmoja na nusu. Wanaosema kanisani kwamba amekonda kwa ugonjwa mbaya, Mama Muhindo anawajibu mwenyewe, kwa sauti. Ana nywele zinazodondoka kidogo na uvivu wa kumeza vidonge, basi. Jephté alimwona sokoni kwa sababu sasa anatembea mpaka sokoni.

Imebaki sehemu ngumu. Nimeiandika mara tatu nikaichana.

Siku ile ya mwisho hospitalini Daktari Mumba aliniangalia kidevu. Wewe hujui kwamba tangu darasa la tatu la sekondari ninakinyoa kila Jumamosi kwa wembe wa Baba. Ndiyo sababu nilikuwa nikikataa kusimama mstari wa mbele katika kwaya. Wala hujui kwamba zile nguo za mwezi unazoninunulia zimejaa sandukuni, sijazihitaji tangu Februari. Yaya alinishika mkono, tukaingia pamoja. Ekografi imeonyesha vifuko vile vile. Mimi sihitaji kukatwa, usiogope. Daktari amesema uzito wangu hauombi operesheni. Amenipa dawa, kutembea, na kupunguza bukari, na amefurahi kwamba tumejua mapema.

Kisha akaniuliza kuhusu wewe. Alisema ugonjwa huu mara nyingi unatembea katika familia. Kati ya yaya na mimi kuna miaka kumi na moja bila mtoto mwingine. Ninaijua nusu nusu ile hadithi: kwamba shangazi zake Baba walisema umefunga tumbo kwa uchawi, kwamba ulirudishwa Lukafu, ukakaa miaka miwili kabla Baba hajakufuata. Lakini nimewaza sana. Labda hakuna aliyekuroga, Mama, wala wewe hukumroga mtu. Labda ulikuwa mgonjwa tu, na hapakuwa na mtu wa kukuambia.

Basi ukimaliza kupanda, njoo. Ila usije kumtoa yaya kwake, amekaa vizuri. Siku yangu kwa daktari ni tarehe 9 Desemba, asubuhi. Tuingie wote wawili. Ukiona haya kusema, nitasema mimi.

Yaya anakukumbatia kwa mikono ambayo sasa inakuzunguka kabisa, anasema utaona. Baba anasema usisahau mbegu zake za maboga. Mshikie nkambo mkono kwa ajili yangu, na msilale bila kufunga dirisha, mbu wa mvua wameanza.

Ni mimi mtoto wako anayekungoja,

Mapalo