Barua ya Kwenda Kenya

Jumanne, Butiama

Eti nisubiri. Nimekwenda mpaka polisi Musoma na magoti haya, naambiwa nisubiri.

Yule mwizi aliyenidanganya nikamtajia namba ya siri, akakomba hela ya ndama wangu kwenye simu, wamegundua yuko Kenya. Askari anasema wataandika barua, ipite Dodoma kwa wakubwa, ndipo Kenya wajibu. Eti kuna mkataba wa nchi na nchi.

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu Tarime ng'ombe akiibwa tulikuwa tunafuata kwato. Zikiingia kijiji, kijiji hicho kinajibu, hata kiwe Kenya. Wazee wa huku na wa kule walikuwa wanakaa siku hiyohiyo. Nyie na kompyuta zenu mnashindwa?"

Akacheka. "Bibi, simu haina kwato."

"Na wewe huna miguu?"

Hapo akaacha kucheka. Akauliza, nilimwaminije mtu nisiyemjua? Nikajifanya sisikii.

Ningemwambia nini? Kwamba mwizi alinipigia kila jioni, wiki tatu nzima, kabla ya kuiba? Alinisalimia Kikuria, akautaja ukoo wetu bila kukosea. Aliulizaga kama goti limepoa, kama nimekula. Wanangu wanne wako Mwanza na Dar, hawaulizagi.

Wamkamate, wamfunge, mshenzi yule. Nitakwenda mwenyewe kumshuhudia.

Lakini jioni hii nimesonga ugali, nikala na dagaa, nikaosha sahani. Simu iko hapa mezani. Hakuna aliyeuliza.