Mama Ameviosha Vifaru Vyako

Mabula, rafiki yangu,

Mama yako ameviosha. Sijui nianzie wapi kama si hapo, maana hilo ndilo limenikalisha chini niandike barua, mimi ambaye ulikuwa unanisema kwamba hata meseji naandika kama nalipia kila herufi. Amevichukua vile vifaru vyako vya vita vya kuchezea, vyenye miguu, vyote tisa vilivyokuwa juu ya kabati chumbani kwako, akavitia kwenye beseni la sabuni ya unga, akavisugua kwa stilwaya mpaka plastiki ikaanza kuonekana. Kutu yote imekwenda. Masizi ya mabomba, tope la miguuni, michubuko ya kwenye kingo, kila ulichokipaka kwa miaka minne kimemwagwa uani.

Aliniita mwenyewe nikavione. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya kuanua matanga. Nguo zako wajomba walishagawana, viatu amechukua mdogo wako, redio sijui imekwenda wapi. Vifaru alikataa visiguswe na mtu. Nikamkuta amevipanga ndani ya kabati la vyombo, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, pembeni ya picha yako ile ya kidato cha nne uliyokuwa unaichukia. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono kunipeleka kabatini. Akasema, "Ona, ng'wanone, mwanangu. Vilikuwa vimeoza kwa kutu na matope. Mwenzako alikuwa na kazi nyingi, hata nafasi ya kuvifuta hakupata."

Vilikuwa vinang'aa, Mabula. Kile kikubwa ulichokitengeneza kwa kijiko cha kuchimbia udongo, kile cha kuchezea watoto, chenye magoti ya mnyororo wa baiskeli, kilikuwa cha njano kama siku kilipotoka dukani. Nikasema vimependeza. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nilitoka pale nikatembea mpaka gereji bila kujua napita wapi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, na hasira isipopata mtu wa kumwangukia inarudi kwa mwenyewe. Kwa nini sikwenda kuvichukua siku ile ile ya mazishi? Niliona aibu. Watu wanalia, mimi niulize habari za midoli? Sasa nimebaki na aibu yangu, na wewe umepoteza kazi yako yote.

Unakumbuka ulivyokuja gereji mara ya kwanza? Mimi nilikuwa napiga msasa mlango wa gari la mtu pale Kambarage, wewe ukasimama umekumbatia kitu kama kuku aliyenyonyoka. Miguu ya mbavu za mwavuli, bomba la moshi la sindano ya kudungia ng'ombe, dirisha la kioo cha redio. Ukaniomba rangi iliyobaki kwenye makopo. Nikakuuliza hilo ni dude gani. Ukasema, "Ni kifaru cha vita vya siku zijazo, lakini zile siku zijazo walizokuwa wanaziota babu zetu wakisikiliza redio ya mbao." Nilicheka mpaka puti ya kuzibia bati ikanikaukia mkononi. Hukukasirika. Ukasema, "Wewe Shija kazi yako kuficha kutu. Mimi nataka mtu wa kunisaidia kuionyesha."

Na ni kweli. Mimi wiki nzima nalifanya gari bovu lionekane jipya, halafu Jumapili baada ya misa nakaa na wewe kukifanya kitu kipya kionekane kimepigana vita miaka thelathini. Nilijiona fundi. Wewe ndiye ulikuwa fundi. Ulinifundisha kunyunyiza chumvi juu ya rangi ya kahawia, kupaka kijani juu yake, kisha kuipangusa chumvi ili kutu ichungulie. Ulinifundisha kumwagia jivu kwenye supaglu ili mguu ushike kama umejengewa na saruji. Kile kipande cha godoro cha kudonea rangi ya michubuko ulikuwa unakitunza kuliko simu yako. Nami nikiweka doa la kutu mahali popote nilipopaona pazuri, unanipiga kofi la mkononi: "Kutu haichagui pazuri. Inakaa pale maji yanapotuama."

Ulivyoanza kwenda Kharumwa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, sikukuambia neno. Nilidhani unakwenda kutafuta maisha kama wenzako. Kumbe hata huko kichwa chako kilikuwa mezani kwetu. Ulikuwa unarudi na picha za makarasha kwenye simu, unanionyesha jinsi ile mashine ya kusagia mawe inavyoliwa na kutu chini ya mkanda, wala si juu, na jinsi mshikio unavyong'aa kwa mikono ya watu. Ukaleta vumbi jekundu kwenye chupa ya soda. Tulilichanganya na gundi ya mbao tukapaka miguuni, nikazidisha, nikapandisha mpaka kiunoni. Ukanifuta kazi yote. Ukasema, "Tope likipita goti, hicho kimezama. Hicho hakirudi vitani."

Mabula, mimi na mjomba wako Luhende ndio tuliokuja kukuchukua.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara lenu, yakaachia. Hilo unalijua kuliko mimi. Tulipofika walikuwa wameshakutoa kwenye kifusi, wamekulaza juu ya turubai. Nilikutazama nikatafuta mahali ambapo tope lilikuwa limeishia. Sikupaona. Tulikuosha mimi na mjomba na wachimbaji wawili, kwa madumu manne ya maji maana mengine hayakupatikana, na maji yaliisha kabla ya tope. Lilibaki masikioni. Lilibaki kwenye kucha. Mjomba akasema tufunge jeneza tupige misumari, mama yako asikuone hivyo, na wazee wote wakamuunga mkono. Hata mimi niliunga mkono.

Tangu hapo sijui nikueleze nini kimebadilika. Ule mlango mkuukuu tuliokuwa tunaulaza juu ya mapipa kuwa uwanja wetu wa mchezo wa vita, nimeurudisha ukutani. Askari wetu wapo kwenye kopo la rangi, na dadu zipo humo humo. Nilijaribu kucheza peke yangu mara moja, nirushe dadu zangu halafu nirushe za kwako. Wewe ukashinda. Nikakusanya kila kitu na sijakigusa tena. Nimekosa hata mtu wa kugombana naye kwamba anaivuta futi ya kupimia hatua za vifaru kama muuza vitambaa, maana ulikuwa mwizi wa sentimita, Mabula, na ulale hivyo hivyo ukijua nilikuwa nakuona.

Watu wananiambia nitapoa. Padri alisema umepumzika. Fundi mkuu wa gereji aliniambia wafu hawapendi kuliliwa sana, nikamuuliza amejuaje. Sipoi. Nakaa mbele ya gari la mteja nimeshika brashi, naiona kutu ya kweli pale chini ya mlango, mahali maji yanapotuama, kama ulivyosema, na kazi yangu ni kuiua. Naiua. Jioni narudi nyumbani sina hata la kumsimulia mtu.

Niliwaza niviombe vile tisa nikavipake upya. Mbinu zote ninazo, ulinipa mwenyewe. Nikachukua kifuniko cha kopo nikajaribia, chumvi, godoro, vumbi lako la Kharumwa, vyote. Ikatoka kutu nzuri ya fundi gereji. Haikuwa yako. Yako ilikuwa na uvivu fulani, kama imekuja yenyewe wakati mtu amelala. Nikakitupa kile kifuniko.

Kilikuwa kimebaki kimoja. Mzee Kigugumizi, yule wa miguu mitatu aliyekuwa anatetemeka ukimgusa. Alikuwa kwangu kwa sababu nilimkanyaga tulipocheza mara ya mwisho, ukaniachia ukisema, "Mtibu mguu tu. Rangi usiguse." Nilimtibu. Rangi sikugusa. Nilimfunga kwenye kitambaa safi nikamweka kwenye sanduku langu la zana, na tangu ulipoondoka nilikuwa namfungua kila asubuhi kabla ya kazi. Chini ya tumbo lake uliacha alama ya kidole gumba kwenye rangi mbichi, mistari yote inahesabika. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ya mkono wako duniani. Hiyo, na kile kiuso cha dereva wake, kidogo kama punje ya mtama, ulichokipaka macho mawili na mdomo kisha ukakichafua kwa masizi na tope shavuni.

Mama alijua kipo kwangu. Akaanza kukiulizia. "Kile cha kumi niletee nikioshe, kisiachane na wenzake." Nikamwambia gundi haijakauka. Juma lililofuata nikamwambia nimekisahau nyumbani. Juma la tatu nikapita njia nyingine nisionane naye, mimi, Mabula, nikamkimbia mama yako anayenipa ugali tangu nikufahamu.

Jumamosi iliyopita akaja gerejini. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amekuja kwa miguu na lile goti lake baya. Nikamletea ndoo, nikaigeuza, akaketi. Nilijua atauliza kifaru. Hakukiuliza. Aliangalia gari nililokuwa nalipaka, kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kile anachokipima neno kwa neno:

"Shija, mimi nilimzaa yule. Nilimwogesha mpaka alipoona haya akanifukuza. Waliniletea sanduku limepigwa misumari. Hata kumfuta uso mwanangu sikupewa. Wewe ulimwona. Alikuwa msafi?"

Nikasema, "Alikuwa msafi, mama."

Akanitazama sana. Macho yako ni ya kwake, sikuwahi kukuambia. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, mwanangu. Asante." Akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka.

Sikuweza kumnyima tena, Mabula. Usinilaumu. Nilifungua sanduku la zana, nikamtazama Mzee Kigugumizi mbele, nyuma na chini ya tumbo, nikaweka kidole gumba changu juu ya alama ya kidole chako. Kisha nikamfunga kwenye kitambaa chake nikamfuata mama yako njiani. Nikampata kabla hajafika nyumbani kwa sababu ya lile goti.

Alikiosha uani, mchana, jua likiwaka. Mimi nilimshikia jagi la maji. Nilikuwa nimejiambia nitatazama pembeni, nikashindwa. Alianza na miguu. Tope la Kharumwa likatoka likawa maji mekundu ndani ya beseni. Akageuza tumbo, akapitisha stilwaya mara tatu, na ile alama ikaisha, ni jambo la sekunde mbili. Alikuwa ananong'ona kwa Kisukuma, maneno ambayo mtu humwambia mtoto mdogo asiyetaka kuoga. Nikawa namimina maji kila aliponyoosha mkono.

Halafu akamwona dereva. Hakutumia stilwaya. Alichukua pindo la kitenge chake cha kanisani, akalilowesha, akalizungushia ncha ya kidole kidogo, akaanza kumfuta uso. Alimfuta polepole, shavu moja, kisha la pili. Masizi yakatoka, tope likatoka. Akaendelea. Macho yakatoka, mdomo ukatoka, na yeye bado anafuta, mpaka pale palipokuwa na uso pakabaki peupe tupu. Ndipo alipomwinua kwenye jua, akamgeuza huku na huku, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku uliyoletwa. Akasema, "Sasa."

Alikikausha, akaingia nacho ndani, nikasikia kabati la vyombo linafunguliwa na kufungwa. Mimi nikabaki na beseni. Sikujua pa kuyamwaga yale maji, nikasimama nayo muda mrefu, mwisho nikayamwaga.

Sina faraja ya kukuandikia. Ningekuwa mwongo nikisema kwamba nilitoka pale na moyo mwepesi. Yeye labda amepata kitu. Mimi nimebaki mikono mitupu, na nikifumba macho naanza kusahau jinsi kutu yako ilivyokuwa inatiririka pembeni ya madirisha, na hilo linanitisha kuliko hata kufa kwako.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Hatajua. Kila nikienda kumwamkia atanipeleka kabatini, nami kila mara nitasema vimependeza, na nitasema kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Na akiniuliza tena kama ulikuwa msafi, nitamjibu vile vile, hata akiniuliza mpaka nizeeke.

Kwaheri, Mabula. Nisamehe. Sikubakiza hata kimoja.

Shija