Njia Leo Mbili

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Mvua tangu alfajiri. Butembo yote ni matope. Nimefungua mashine, kompyuta yangu, nimesoma habari za barabara. Kayna: lori limelala katikati ya njia, pikipiki zinapita pembeni. Mbau: kimya, watu wanapita. Nimempigia motard wa Kayna, dereva wa pikipiki, kuhakikisha, kisha nimezitoa kwenye Njia Leo. Kila asubuhi hivi. Madereva, motards na mama wa soko wanatuma habari, msafiri anazisoma kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Programu hiyo tuliiandika mimi na Idi wa Bungulu, kule Beni. Tuliiacha wazi: yeyote aone code yake, aitengeneze, aichukue bure. Mwaka jana kampuni ya simu ikaja kutusaidia. Inalipa serveur, inalipa mshahara wangu. Idi alikataa mshahara. Alibaki na malori ya baba yake.

Jumatano, tarehe 6

Kampuni imebadilisha ruhusa ya programu. Haikuuliza mtu. Sasa imeandikwa: mali ya kampuni. Na anayetaka kuitumia lazima awe na laini yao. Fundi wao wa Goma ndiye aliyefanya, mais lakini jina langu ndilo liko juu, kama mtunzaji.

Idi amepiga simu.

"Kavira, ni weye?"

"Hapana miye. Nimeona leo asubui, sawa na weye."

Amekata simu. Sijui kama ameamini. Nimeona haya kwa kosa lisilo langu.

Ijumaa, tarehe 8

Nje wanawake wanapita na pagne, vitenge vipya vya 8 mars, sikukuu yao, wanaimba. Ndani, huzuni.

Madame Espérance amekuja bureau, ofisini kwangu. Ndiye mwakilishi wa kampuni huku kwetu. Si mtu mbaya. Mama alipolazwa, alinipa ruhusa nikae naye hospitalini, akaleta na uji. Leo hakuvua hata koti.

"Bakubwa ba Kinshasa banasema: tunalipa, donc ni yetu. Nilibapinga, Kavira. Habakusikia."

Nimekasirika. Kumchukia nimeshindwa.

Jumamosi, tarehe 9

Idi amewaandikia madereva na motards wote. Amechukua code ya zamani, ile ya wazi, ameanzisha Njia Leo nyingine kule Beni. Karibu motards wote wamemfuata. Yule wa Kayna ameniandikia: "Sisi tulitumikia batu bule. Hapana kampuni."

Ana haki.

Wananiuliza niko upande gani. Ninaogopa. Nyumba yetu inakula mshahara huu. Hilo sijamwambia mtu.

Jumanne, tarehe 12

Shangazi Masika yuko hai. Naanza na hilo.

Jana alitoka Beni kwenda Mbau kununua ndizi. Aliangalia simu kwanza, kama nilivyomfundisha. Njia Leo ya kampuni haikuwa na kitu. Yeye akasoma: amani. Habari ya risasi karibu na Mbau ilikuwapo tangu asubuhi, mais ilikuwa kwa Idi. Walipoisikia milio wenyewe, motard aliyembeba alitupa pikipiki, wakakimbilia mashamba ya kakao. Wamelala humo. Shangazi amerudi bila viatu, bila mfuko, miguu imechanika.

Hakunilaumu. Ameuliza tu kwenye simu: "Ile yenu ilikufa?"

Nimejifungia chooni, nimelia.

Jumatano, tarehe 13

Beni. Ramadhani imeanza, Idi anafunga. Nilifika nimejiandaa kugombana. Nilipomwona uso, nimeacha.

"Ile habari niliiona," amesema. "Sikukutumia. Nilikuwa na kasirani na weye."

"Na miye sikuuliza."

Tumekaa kwenye depot, ghala la baba yake, tumempigia Madame Espérance pamoja. Tumeomba jambo moja: habari za barabara zipite pande zote mbili, mtu awe na laini yoyote. Kampuni ibaki na programu yake. Ile ya zamani ibaki wazi, na sisi.

Madame amejibu:

"Bakubwa habatakubali upesi. Mais habari, miye naweza fungua leo. Bataniuliza kisha."

Amefungua kweli. Ndipo nikamwambia naacha kazi.

"Nilijua," amesema. Sauti haikuwa ya hasira.

Adhana ilipolia, mama yake Idi ametuita. Bugali, samaki, mboga ya lenga-lenga. Nimekula sana. Sijui njaa hiyo ilitoka wapi.

Alhamisi, tarehe 21

Nimepata kufundisha kompyuta kwenye shule ya jirani. Malipo madogo. Mama amepunguza nyama bila kusema neno. Hilo linaniuma kuliko angesema.

Kampuni haijarudisha ruhusa ile ya wazi. Labda haitarudisha. Lakini habari zinapita.

Jumapili ya Matawi, tarehe 24

Tumetoka misa. Mama anaosha vyombo. Nimefungua mashine yangu.

Mtu ametuma sahihisho kwenye Njia Leo yetu. Neno moja tu, la Kinande, la utelezi. Tuliliandika vibaya na hakuna aliyeona. Hakuna maelezo. Jina: Espérance. Ametumia adresi yake mwenyewe, si ya kampuni.

Nimemsomea mama lile neno. Amesema ndiyo, kwao Lubero wanalisema hivyo hivyo.

Nimelipokea sahihisho lake.