Dada Paskalina Aseme Kwanza

Brussels, Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Presha imetulia? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe si wa kukimbia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na hapo kwenu simu moja inasikilizwa na nyumba nzima.

Unajua naishi na Dada Paskalina, binti wa jirani yako, chumba kimoja hapa Saint-Josse, juu ya duka la mikate. Ndiye aliyeniombea nafasi kwa meneja wake wa mbio, akanipokea, akanivika makoti yake baridi iliponikamata. Siku zote kwenye mbio yeye hutangulia, mimi namfuata. Sasa Jumapili moja, mbio za barabarani humu humu mjini, nikampita karibu na mwisho. Sikupanga, mama. Miguu ilikuwa na nguvu tu. Nikawa wa kwanza, yeye wa pili.

Hata pumzi hatujavuta, bwana wa televisheni akanisogezea kipaza sauti, salamu hakuna, ananiuliza kwa Kiingereza najisikiaje. Ningesemaje, na mkubwa wangu amesimama pale anahema, mikono magotini? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa wake. Nikarudi nyuma, nikaziba mdomo, nikamwonyesha Dada, yaani aanze yeye. Yule bwana akamgeukia: mbona umeshindwa? Dada akamtazama, akanitazama mimi, akaondoka zake.

Jioni tukaonyeshwa sote wawili kwenye televisheni. Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu anayeuza samaki wakavu hapa mtaani, ndiye aliyenitafsiria Kifaransa chao huku anacheka. "Banasema muko na mbio, bon, lakini adabu hamuna." Mimi sikucheka. Nimeitwa mengi huku, ila hilo liliniuma, maana anayetukanwa hapo ni wewe uliyenilea.

Meneja naye akaja juu. Eti wadhamini hawataki watu wanaonuna. Akanipangia mahojiano mengine, nikaenda, nikatabasamu, nikasema nina furaha sana, nimejituma sana. Wakanisifu kwamba sasa ninajua adabu. Nilirudi nimechoka kuliko siku ya mbio zenyewe.

Basi, hayo yamepita. Lililonivunja ni Dada. Wiki nzima chumba kimoja, anapika chake, anaosha sufuria yake, anageukia ukutani. Mwisho nikapiga magoti. Nikamwambia, dada, mimi nilikuwa nakuheshimu.

"Hapa anayeshinda ndiye anayesema," akanijibu. "Mimi nimekaa huku miaka, najua. Ulinisukuma mbele ya kamera niulizwe kushindwa kwangu."

Nikamwambia sikujua. Akasema, "Kushindwa na wewe nilishakubali, Neema. Ungesema tu kwamba umeshinda. Lakini kuonewa huruma na mtoto niliyemleta mwenyewe, hapana."

Nikainuka, nikaenda kuosha sufuria yangu.

Ijumaa anarudi nyumbani, na huku harudi tena. Anasema ni goti linamsumbua. Labda kweli ni goti. Nimeanza kuwaza chumba kitakavyokuwa bila yeye, na sikipendi.

Nisalimie baba, kaka na shemeji, na shangazi anayetunza kuku wangu, mwambie wasiuzwe. Na mwalimu wa michezo aliyeninunulia raba za kwanza, mwambie namkumbuka, ila ya televisheni usimweleze.

Barua hii nitampa Dada aibebe. Ikikufikia kwa mkono wake, mkaribishe, mpe chai, mwulize habari za huku. Usimpe pole, mama, nakuomba. Hata ile ya safari usimpe. Na ikikufikia kwa posta, utakuwa umeshajua alinijibu nini nilipomwomba.

Mwanao,
Neema