Sadoki Hewani

Jumamosi, 30 Machi 1957

Nimeaibika leo. Mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya mia.

Mguu wa Bwana Karsan, mwenye studio, umevimba, kiatu hakiingii. Kwa hiyo mimi, fundi wa kusahihisha picha, niliyezoea penseli na kisu kidogo cha kukwangulia hasi za filamu, nikapewa kamera ya studio niende Tengeru kupiga picha za mpira wa kikapu. Timu ya walimu dhidi ya vijana wa mjini. Wanachezea ndani ya ghala la kahawa la ushirika. Masika haya uwanja wa shule ni matope matupu, na ghala halina kahawa mpaka Julai.

Basi. Nikainua kamera — wakasimama wote. Migongo imenyooka, mikono ubavuni, nyuso za harusi. Mpira ukabingirika peke yake hadi kwenye magunia. Simel, yule mrefu wa Sekei, akafunga kifungo cha shingoni. Mwamuzi naye akasimama! Nikafyatua. Balbu ya taa ya kamera ikapasuka, kipande chenye moto kikaangukia gunia tupu, likaanza kufuka moshi.

Mzee Dismasi, mtunza ghala, akalikanyaga likazima. Hakugomba. Alisema kamera inakaribishwa siku yoyote, ila moto ule hauingii tena humu ndani.

Sadoki, mdogo wangu, anachezea walimu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 31 Machi

Nimelala nyumbani kwa wazazi. Mama haondoki kitandani tangu Januari. Miguu imejaa maji, na daktari anasema moyo umechoka. Aliniambia mimi hayo, hakumwambia yeye, lakini Mama anajua.

Akaniuliza kama ni kweli. Kwamba Sadoki akiruka anakaa hewani. Kila mwanamke anayekuja kumwona anamwambia hivyo, yeye hajaona. Nikasema kweli. Akasema: "Basi niletee picha yake akiwa juu. Ya kusimama ninayo."

Baba alikuwa hapohapo mlangoni, akatoka nje.

Tangu Oktoba hawasemeshani, Baba na Sadoki. Siku ile Sadoki aliachiwa kahawa mbivu aimenye jioni. Akaahidi, akaenda kwenye mpira. Kahawa ikalala kwenye magunia, ikapata joto, ikachacha. Siku ya kupima kwenye ushirika, jina la Baba likasomwa mbele ya wanachama wote pamoja na daraja la mwisho. Baba, ambaye kahawa yake walikuwa wakiipitisha kwenye viganja ili wengine waige! Akaapa hatakanyaga ndani ya nyumba inayochezewa mpira. Sasa wanaishi boma moja, na akitaka panga Baba anauambia mgomba.

Mama yuko katikati, kitandani, anawasikia wote wawili wakinyamaza.

Jumatatu, 1 Aprili

Studio. Nikamuuliza Bwana Karsan: bila taa, ndani ya ghala, mtu anayeruka, inawezekana? Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti. Nifungue lenzi mpaka mwisho. Sehemu moja ya hamsini ya sekunde, polepole zaidi ya hapo nisithubutu. Filamu ile kali, inayonasa mwanga haraka, na kwenye dawa ya kusafishia niizidishie muda. Hata hivyo watatoka moshi, bila sura, alisema. Mtu aendaye haraka hapigiki gizani.

Nikamwambia nitajaribu. Akasema jaribu, lakini usimwahidi mtu.

Nimeshamwahidi.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo jambo jipya: pasipo mwako wa taa hawajui nimepiga saa ngapi. Wakawa wanaganda tu. Tayari, dada? Bado, dada? Nikawadanganya kwamba kamera haina filamu, najifunza kushika tu. Baada ya dakika kumi wakanisahau kabisa. Mungu anisamehe, ilikuwa na filamu.

Sasa niandike nilichokiona, maana sijakaa sawa tangu mchana.

Kamera hii unaishika kifuani na kutazama chini, kwenye kioo. Kulia huwa kushoto. Nikamwona Sadoki akija, mdogo kama kidole, akikimbilia upande usio wake. Akaruka. Nilikuwa nimeshafyatua kabla hajafika juu, kwa haraka yangu. Na nikamwona akiendelea kupanda, taratibu, taratibu zaidi — kisha akasimama. Hewani! Hapandi, hashuki. Muda wa kupepesa jicho. Kisha ndipo dunia ikamvuta.

Nikamtazama tena na tena. Kila mara. Si yeye peke yake, hata Simel, hata yule mwalimu mnene wa hesabu. Wote wana mahali pao pa kusimama, wengine chini, wengine juu. Miaka ishirini na sita nimeona watu wakiruka mitaro na sikujua hili.

Aliyesimama hatoki moshi. Nimsubiri pale.

Jumanne, 9 Aprili

Nimesafisha. Picha kumi na mbili, zote giza. Nne nilimpata palepale aliposimama, naona mstari wa bega umekaa imara, lakini uso hakuna. Mwanga hautoshi. Ghala lina milango miwili mikubwa, na mawingu ya masika yako nje. Mama hawezi kupelekewa bega.

Ila moja! Simel, karibu na mlango wa ubavuni. Uso wake wote upo, hadi jasho. Nikashika lenzi ya kukuzia, nikatafuta sababu. Nje ya mlango kuna mtu anapita na bati jipya kichwani. Bati limeuchukua mwanga wa mbingu likaumwaga ndani, usoni kwa Simel, kwa bahati, kwa hatua moja ya mpita njia.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha giza. Nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefika nyumbani jioni. Mama anahema kwa taabu, analala ameketi. Akauliza picha. Nikasema kesho. Akanishika mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi mno. Naogopa.

Jumamosi, 13 Aprili

Asubuhi Baba alituaga kwamba anashuka sokoni Tengeru kuangalia mbuzi. Sadoki alikuwa ameshatangulia.

Nikamkuta Mzee Dismasi ghalani, nikamwamkia, nikamweleza habari ya mabati. Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wanaimba. Lakini barazani kuna mabati ya wanachama, mapya, yanasubiri wenyewe. Baada ya msimu mzuri wa kahawa kila mtu anaezeka. Akasema atawauliza. Mvua ilikuwa ya manyunyu, wanaume kadhaa wamejibanza barazani. Akarudi: wanne wamekubali kushika, nje ya mlango, mmoja kwa sharti kwamba asivuke kizingiti, maana amekuja kukwepa mvua tu. Nikasema sawa, nje ndiko ninakowataka.

Sikuwaona. Bati ni refu kuliko mtu, limemficha aliye nyuma yake. Niliita tu kutoka ndani: inueni kidogo, lazeni nyuma, hapo, hapohapo.

Na mwanga ukaingia.

Sijui niseme vipi. Sakafu iliyokuwa ya kijivu ikawa nyeupe. Vumbi la kahawa ya mwaka jana likaonekana likielea mpaka darini. Wachezaji wakasita, wakatazama mikono yao wenyewe. Mtu mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Jamani." Hakuna aliyewasha chochote. Ni mbingu ileile ya masika tuliyoilalamikia mwezi mzima!

Wakaendelea kucheza. Nikasubiri. Nilikuwa na picha kumi na mbili tu, nikajizuia hadi vidole vikauma. Sadoki akaja, akaruka, nikahesabu moyoni kama wafanyavyo wanakwaya kabla ya kuingia — akasimama. Nikafyatua.

Nilijua. Kabla ya dawa, kabla ya chochote.

Baba alirudi jioni bila mbuzi, amelowa mabega. Alisema bei hazikumpendeza.

Jumatano, 17 Aprili

Ipo! Sadoki mzima, kuanzia kidole hadi kidole. Mkono juu, mpira ukiacha vidole, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayeonyeshwa kitu. Chini ya viatu vyake hakuna kitu, sakafu iko mbali. Bwana Karsan aliitazama, akaniuliza nilimning'iniza na nini.

Kasoro moja. Pembeni kuna bati, na chini ya bati inaonekana miguu ya aliyelishika. Mabuti mawili ya matope, la kushoto limefungwa kitambaa. Jicho linakimbilia pale. Nikachukua kisu niifute. Bwana Karsan akanishika mkono. "Ukifuta miguu, bati litasimama na nini?"

Nikaacha. Nimeichapa kubwa.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Naandika jikoni, kwenye kigoda.

Tulitoka ibadani saa sita. Sadoki akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikamweka Mama sawa kwenye mito, nikampa picha. Akamtazama Sadoki muda mrefu. Akapitisha kidole chini ya viatu vyake, pale penye nafasi tupu. "Kumbe ni kweli," akasema. Machozi yakamtoka bila sauti, nami vilevile.

Kisha kidole kikasogea pembeni, hadi kwenye bati, kikashuka.

Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema simjui, mtu tu aliyejificha mvua, nilitaka hata kumfuta. Akanitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mdogo. Akasema nilete lenzi yangu. Tukatazama pamoja. Kitambaa kwenye buti la kushoto ni cha kanga, madoa makubwa mviringo. Mama akafunua blanketi. Kanga yake ile ile, na kwenye pindo imechanwa ukanda.

"Buti lilipasuka. Nilimfunga mimi, Jumamosi asubuhi, alipoaga anakwenda kutazama mbuzi."

Nikairudisha lenzi kwenye yale mabuti.

"Hakuingia," Mama akasema. "Aliapa haingii, na hakuingia."

Nilimwambia inueni kidogo. Nilimwambia lazeni nyuma. Nilimpigia Baba kelele kama kibarua, na alinyanyua, akalaza, mvua inamnyeshea mgongoni, ili mtoto asiyemsemesha aonekane.

Sadoki amerudi sasa hivi. Mama amemwita, amempa picha, amemwonyesha kwa kidole yale mabuti, basi. Hakumweleza neno.

Baba yuko chumba cha pili, anajifanya amelala. Mabuti yake yako mlangoni pa chumba hicho, alipoyavua, nayaona kutoka hapa, na kitambaa chake cha madoa. Sadoki ametoka na picha mkononi. Amefika kwenye mabuti. Amesimama. Anatazama picha, anatazama chini.

Baba amekohoa ndani. Sadoki ameweka mguu kwenye kizingiti cha chumba cha Baba.